Mwali wa Darasa la Saba

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Mtu akinisalimia mara mbili asubuhi moja, najiuliza salamu ya pili ilikuwa ya nini. Marehemu mke wangu alikuwa akisema nikifika peponi nitamwuliza malaika mlango wa nyuma uko wapi. Basi niacheni na tabia yangu, nimezeeka nayo. Leo nataka kusema habari za marehemu dada yangu Mwantumu, kwa sababu hapa Kwamlongo kila anayemtaja humtaja kama kungwi aliyeharibu mwali, na wanaosema hivyo hawajui hata nusu ya mambo. Nusu nyingine ninayo mimi.

Mwantumu alinizidi miaka sita. Mimi nilizaliwa wa pili, na Fatu, mdogo wetu, akaja mwisho. Mwantumu hakujaliwa mtoto. Mumewe alikwenda kukata mkonge upande wa Korogwe, akaoa huko huko, na habari zake zikaishia hapo. Dada hakulia wala hakumfuata. Alijenga kibanda chake, akakikandika udongo kwa mikono yake mwenyewe, akashika kazi ya ukungwi aliyoachiwa na bibi yetu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mimi mtu wa maneno machache humshuku zaidi ya msemaji, maana msemaji atateleza siku moja.

Kwetu sisi Wazigua, binti akivunja ungo huwekwa ndani. Hatoki, haendi shambani, haonekani na mwanamume yeyote, hata kaka yake, hata mjomba wake, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Anayekaa naye, anayemlisha na kumfunza ni kungwi. Ikitokea mwali apelekwe kuoga mtoni, hufunikwa kaniki kuanzia utosini mpaka miguuni, kungwi hutangulia na kuita, "Mwali apita," na kila mwanamume njiani hugeuka akatazama kwingine mpaka hatua zisisikike tena. Nimewahi kumwona mtu ameshuka kwenye baiskeli yenye mzigo wa mkaa, akasimama anatazama ukuta wa choo kana kwamba kuna picha. Hakuna aliyemcheka. Mwanamume akimwona mwali, mwali ameharibika, na kungwi wake ameharibika pamoja naye.

Sasa njooni mwaka wa sabini na nne. Tulikuwa ndio kwanza tumehamishiwa kijijini. Operesheni ilitukuta kila mtu na kitongoji chake, malori yakatusomba yakatumwaga karibu na shule ya msingi, tukaambiwa hapa ndipo kijiji cha ujamaa, jengeni. Tukajenga. Mvua ikagoma. Mahindi yalikauka yakiwa yanafika magotini, mto ukabaki mchanga mtupu, wanawake wakawa wanafukua maji kwa vibuyu. Serikali ikaleta unga wa njano wa msaada, na watu wakanong'ona kwamba unafunga kizazi. Mimi nilikuwa wa kwanza kuunusa na wa kwanza kuushuku, na kwa ajili hiyo hiyo wakaniweka kwenye kamati ya chakula. Mwenyekiti alisema asiyemwamini mtu yeyote ndiye anayefaa kusimama kwenye mizani. Niliona fahari sana, nasema kweli.

Fatu alikuwa na binti mmoja, Chausiku, aliyekuwa darasa la saba. Baba yake alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na hata angekuwepo, kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya binti. Neno hilo nilikuwa nalo mimi. Chausiku alikuwa na akili za kukera. Siku moja alikuja kuchukua posho ya mama yake, akasimama pembeni ya mizani, akasema kwa adabu kabisa, "Mjomba, mshale umeusomea upande." Nikamfukuza. Alipoondoka nikainama nikatazama tena, na kweli nilikuwa nimekosea tangu asubuhi.

Mwezi wa saba mwaka huo Chausiku akavunja ungo. Wiki haikupita, akaja Sadala. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Chanika, ana duka na mashine ya kusaga, umri wake sawa na wangu, tayari ana wake wawili. Akaniambia anamtaka Chausiku, na kwamba akishakubaliwa, nyumba ya Fatu haitakosa mahindi meupe mpaka mavuno yajayo. Gunia la kwanza lilifika kesho yake juu ya baiskeli. Ndugu zangu, msinihukumu mkiwa mmeshiba. Fatu alikuwa amekonda mpaka khanga inamzunguka mara tatu, na kila nilipomtazama niliona kaburi. Nikakubali.

Nikamwita Mwantumu nikamwambia, "Dada, mchukue Chausiku umweke ndani. Atolewe baada ya mvua za vuli, harusi ifuate."

Akaniuliza, "Na mtihani? Si mwezi wa kumi?"

"Mtihani hauliwi," nikamjibu.

Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Haya." Haya tupu. Machale yakanicheza pale pale. Dada yangu hakuwa mtu wa kukubali kitu kwa neno moja, na zaidi ya hapo alikuwa na uchungu na jambo la shule. Kipindi hicho alikuwa akihudhuria kisomo cha watu wazima, yeye na kipande chake cha chaki, anaandika jina lake kama mtu anayechimba mtaro. Nikasema moyoni, Mbwana, kaa chonjo.

Mtu wa kwanza kunitia wasiwasi alikuwa mwalimu. Aliitwa Kaleb, Msambaa wa Dindira, mwembamba, Mkristo, anavaa kofia hata ndani ya nyumba. Alikuja kwangu mara mbili kunibembeleza. Akasema shuleni pana wasichana watatu tu katika darasa la saba, na Chausiku anawazidi wote, wavulana wakiwemo. Akasema anaweza kuchaguliwa kwenda shule ya wasichana pale Korogwe, asome bure, ale bure. Bure! Mimi neno hilo likitamkwa hushika mfuko wangu. Nikamwambia, "Mwalimu, wewe huna mke hapa. Unamtakia nini binti wa watu?" Akaona aibu, akaondoka. Kijijini nako kulikuwa na maneno yake. Wengine walisema anataka kumpeleka misheni ya Lutindi akabatizwe. Wengine walisema anamtaka mwenyewe. Mimi niliyaamini yote mawili.

Hakuja mara ya tatu, na hilo likanitia shaka zaidi. Mtu aliyeng'ang'ania vile anaachaje ghafla? Nilitegemea aende kwa katibu kata kunishitaki, waje na mgambo. Hakwenda. Nikaanza kumfuatilia. Nikagundua kwamba kila alasiri, shule ikifungwa, mwalimu hubeba kigoda na madaftari yake, akaenda kukaa nyuma ya kibanda cha Mwantumu, kwenye kivuli, na hapo huongea peke yake. Watu walikwisha kumzoea. Walisema njaa imempanda kichwani, mwacheni. Lakini ndani ya kibanda kile, upande wa pili wa ukuta, ndiko alikokuwa Chausiku. Nikajua huu ni uganga. Nikajua anamsomea binti yetu maneno ili amwogope Sadala na ampende yeye.

Naye dada nikamtilia shaka ya aina yake. Sehemu ya mahindi ya Sadala ilikuwa ikipelekwa kwake kwa ajili ya kumlisha mwali, na mwali lazima ashibe, ndiyo mila. Halafu naona Mwantumu anaingia na kapu limefunikwa, anatoka na kapu limefunikwa. Kapu tupu linafunikwa kwa nini? Nikasema, dada yangu anauza chakula cha mtoto.

Basi siku moja nikajibanza nyuma ya zizi la mbuzi la jirani, nikachungulia. Mwalimu alikuwa amekaa, mgongo wake umeegemea ukuta, uso ameelekeza porini. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Shamba la ujamaa lina urefu wa hatua mia na ishirini, upana hatua themanini. Robo tatu imepandwa mahindi. Iliyobaki ni hatua ngapi za eneo?" Kisha akaendelea kusahihisha madaftari. Nikasubiri. Chini ya makuti, pale paa linapokutana na ukuta, ukachomoza mkono wa Mwantumu umeshika karatasi. Mwalimu akaipokea juu ya bega bila kugeuza shingo, akaisoma, akasema, "Sawa. Lakini usikimbilie kugawanya, Chausiku. Tafuta eneo lote kwanza." Akarudisha karatasi juu ya bega vile vile, ule mkono ukaivuta ndani.

Sikuamini. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Wakamaliza hesabu wakaingia siasa, wakaingia Kiswahili. Nikaelewa kwamba kapu lile lilikuwa likibeba vitabu. Nilipoinuka, kijiti kikavunjika, mwalimu akashtuka akanitazama mimi, lakini hata katika kushtuka kule hakugeukia ukuta. Msambaa, Mkristo, na bado mila yetu ameishika kuliko vijana wetu wenyewe. Nikatafuta neno la kumtukana, nikalikosa, na hilo likaniongezea hasira.

Mwantumu akatoka nje. Akamwambia mwalimu aende zake kwanza, kisha akanigeukia.

"Umechungulia kiasi cha kutosha?" akaniuliza.

"Dada, unafanya njama dhidi yangu."

"Sijafanya njama. Ulisema nimweke ndani, nimemweka. Nimfunze, namfunza. Hakuna mwanamume aliyemwona."

"Na siku ya mtihani? Utapitisha darasa zima chini ya makuti?"

Akakaa kwenye kigoda cha mwalimu. Ndipo nilipoona jinsi alivyokonda. Mifupa ya mabega ilikuwa imetokeza, na macho yamezama. Chakula cha mwali alikuwa anampa mwali, na chake, kama nilivyokuja kuambiwa, alikuwa anampelekea Fatu. Mimi nilikuwa nimemwita mwizi moyoni mwangu wiki nzima.

Akasema, "Mbwana, mimi nimewatoa mabinti wengi. Mwaka huu peke yake wanne wamerudishwa kwa mama zao na watoto mgongoni, kwa sababu njaa imeingia na waume wameona midomo imezidi. Unajua walikuja wapi kwanza? Kwangu. Wananiuliza, kungwi, hili hukutufunza, tufanye nini? Sikuwa na jibu. Sadala atampa Chausiku mahindi mwaka huu. Mwaka ambao mashine yake itaharibika je? Nataka huyu mmoja awe na kitu cha kwake."

"Unajua watakachokufanya?"

"Najua. Ndiyo sababu nataka neno lako. Kungwi hamtoi mwali bila neno la mjomba. Ukinipa, mambo yote ni halali, hata wakasirike."

Mimi nikafikiria gunia. Nikafikiria mizani yangu, na watu wanaonipisha nikipita kwa sababu naaminika. Mtu aliyempa Sadala ahadi kisha akaivunja mwenyewe, nani atamwachia unga wa kijiji? Nikamwambia, "Nitafikiri." Hilo ni jibu la mtu mwoga, nalijua leo na nililijua siku ile.

Mwantumu akainuka. "Siku ya mtihani nitapita njia kuu, asubuhi, watu wakiniona. Ukitaka kunizuia, nizuie. Ukiniacha nipite, nitajua hilo ndilo neno lako." Akaingia ndani akafunga mlango.

Majuma mawili yaliyobaki kabla ya mtihani sikulala vizuri. Nilimshuku kila mtu. Nilimshuku Fatu kwamba anajua, na kwa kweli alikuwa anajua. Nilijishuku hata mimi. Mara nne niliondoka kwenda Chanika kumwambia Sadala aharakishe ndoa, mara nne nikafika njia panda nikarudi. Sikujua nilikuwa narudi kwa nini. Nilijiambia ni jua kali.

Asubuhi ya mtihani ilikuwa siku ya kugawa unga. Uwanja ulikuwa umejaa wanaume kwa wanawake wenye vikapu, na mimi nimesimama kwenye mizani mbele ya ghala, barabara ya kwenda shule inapita mbele yangu kabisa. Nikamwona dada anatokea kwa mbali. Nyuma yake kulikuwa na umbo limefunikwa kaniki, limeshika ncha ya khanga yake. Akaita, "Mwali apita." Akaita kwa sauti ile ile aliyoitumia maisha yake yote.

Wanaume wote uwanjani wakageuka. Mzee Mhina, mkubwa wa ukoo wetu, aligeuka akatazama mlima. Mwenyekiti aligeuka. Nami nikageuka, nikatazama magunia. Nataka mnielewe vizuri hapa. Mwali hupitishwa kwenda kuoga mtoni, na mto ulikuwa mkavu tangu mwezi wa saba. Tena mto uko chini, na wao walikuwa wanapanda. Wengine hawakufikiri, mila imewafundisha kugeuka na siyo kuuliza. Mimi nilikuwa nimeuliza maisha yangu yote. Neno moja tu lilitosha, "Dada, simama," na safari ingeishia pale. Nikasoma maandishi ya kwenye gunia, yale ya kigeni nisiyoyajua, mpaka hatua zao zikaisha. Moyo ulikuwa unanidunda, na nitasema wazi, sehemu yake ilikuwa furaha.

Mchana habari zikatoka. Ndani ya chumba cha mtihani mlikuwa na wavulana tisa, wale wasichana wengine wawili, na msimamizi kutoka mjini. Mwalimu Kaleb alikuwa ameweka dawati la Chausiku nyuma kabisa, lakini msimamizi hakukubali mtahiniwa aliyefunikwa, akasema atajuaje kwamba ndiye. Chausiku akafunua uso. Wavulana wakamwona. Jioni ile hapakuwa na nyumba kijijini isiyojua kwamba mwali ameonekana na wanaume kumi, na kwamba kungwi ndiye aliyempeleka kwa mkono wake.

Siku ya tatu wazee wakaita kikao chini ya kibanda cha ofisi ya kijiji. Sadala alikuja amevaa kanzu nyeupe, amenuna. Akasema hamtaki tena binti aliyeharibika, na kuhusu gunia lake, kilicholiwa kimeliwa, yeye si mtu wa kudai chakula kwa wenye njaa. Alichotaka ni kujua nani amemdharau. Mimi, mjomba mtu, au nani?

Mzee Mhina akamwuliza Mwantumu, "Ulimtoa mwali kabla ya siku yake?"

"Nilimtoa," akasema. Alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, mikono mapajani.

"Kungwi hamtoi mwali bila neno la mjomba. Ulipewa neno?"

Dada aliinua macho akanitazama. Hakunitazama kwa kunisihi, la. Alinitazama kama mtu aliyekuachia mzigo wake kwa muda na sasa amekuja kuuchukua.

Mzee Mhina akanigeukia. "Mbwana, wewe ulikuwa uwanjani. Ulimpa dada yako neno? Uliwaona wakipita?"

Watu walikuwa wengi. Sadala alikuwa ananitazama. Mwenyekiti, aliyenipa mizani, alikuwa ananitazama. Nilikuwa na jibu mdomoni, nilikuwa nalo kweli, na ulimi ukaenda upande mwingine.

"Sikuona," nikasema. "Niligeuka, kama ninyi nyote."

Na hapakuwa na uongo ndani yake. Hata Mungu akiniuliza atakuta sikuona. Mzee Mhina akamwuliza Mwantumu kama ana la kuongeza. Akasema, "Mdogo wangu amesema hakuona. Sina la kuongeza." Akajifunga khanga yake vizuri.

Wakamvua ukungwi pale pale. Wakasema hakuna nyumba itakayompa binti tena, na kwamba kwenye ngoma za wanawake atakaa mwisho, nyuma ya wageni. Mimi nilibaki na mizani yangu. Kwa kweli heshima yangu ilizidi, watu wakisema maskini Mbwana, amezungukwa na dada zake wawili. Nilipokea pole nyingi sana mwezi ule. Kila pole ilinichoma, na nikaipokea.

Mahindi meupe yakakoma. Tukaishi kwa unga wa njano kama wengine, na Fatu hakufa. Mwezi wa kwanza jina la Chausiku likaja, amechaguliwa kidato cha kwanza, shule ya wasichana Korogwe. Alikuwa peke yake katika kata nzima. Mwalimu Kaleb alilia mbele ya wanafunzi wake bila haya. Mimi nilikwenda kumuaga Chausiku barabarani. Akanipigia magoti, akasema, "Shikamoo, mjomba," akapokea senti nilizompa kwa mikono miwili, kila kitu kama inavyotakiwa. Kisha akamkumbatia Mwantumu muda mrefu, na basi likapiga honi mara mbili kabla hajamwachia. Baadaye akawa muuguzi. Akija likizo, hufikia kwa Mwantumu, hulala kwa Mwantumu, na kwangu hupita mchana kunisalimia. Hakuwahi kuniuliza lolote. Mimi nilimshuku kwamba anajua, na sasa nina hakika.

Mwantumu hakupewa binti mwingine. Ilipofika sabini na saba, wakati kila mtoto alipotakiwa awe shuleni, shule ikahitaji mtu wa kuwapikia watoto uji, naye akachukua kazi hiyo. Mwanamke aliyekuwa akitangulia mbele ya ngoma, sasa yuko jikoni na moshi. Wale wale waliomvua ukungwi wakawa wanawaleta mabinti zao pale asubuhi, wamevaa sare, na hakuna aliyemsalimia kwa jina la kungwi. Nilipita nje ya jiko lile miaka miwili bila kuingia.

Siku niliyoingia sikujua naingia. Nilikuwa nimetoka kumzika Mzee Mhina, na njiani nikawa nahesabu waliobaki wa kikao kile. Nikamkuta dada peke yake anakoroga sufuria kubwa ya shule kwa mwiko mrefu. Nikamwamkia, akaitikia. Nikasimama kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Dada," nikasema, "siku ile nilijua unakwenda wapi. Niligeuka ili upite. Lile lilikuwa neno langu, nilikupa."

Aliendelea kukoroga. "Najua," akasema. "Uligeuka kabla sijaita."

Machozi yakanilenga. Nikamwambia nimebeba jambo hili miaka yote, nikamwambia halinipi usingizi, nikamwambia mengi. Aliniacha niyamalize. Akapunguza kuni, akafunika sufuria, akajifuta jasho kwa ncha ya khanga.

"Maneno haya ungeyasema mbele ya wazee, Mbwana," akasema. "Mbele ya sufuria hayanisaidii kitu."

Kisha akaniuliza kama nimekuja na kikombe, maana kengele ilikuwa karibu kulia na watoto ni wengi.